Nguo za Vitabu vya Lokesheni

Jumatatu, 30 Juni 1958

Nimefungua maktaba saa mbili kamili. Matope mpaka chini ya rafu. Nimefagia, nimefuta meza, nimefagia tena. Watu wa lokesheni hii, mtaa wetu wa manispaa, wanaona mlango, hawaoni gunia la kufutia miguu.

Mzee Kirui alikuwa ameshafika. Yuko kwenye benchi la nje kama kawaida, na gazeti la wiki iliyopita. Sikumpa mkono. Huyu ndiye aliyepoteza kitabu namba moja, kitabu cha kwanza kabisa cha maktaba hii. Mwaka mzima anashikilia kwamba alikirudisha. Kama alikirudisha, kiko wapi? Gazeti asome atakavyo. Kitabu haondoki nacho. Hiyo ndiyo sheria niliyomwekea na sitaibadilisha.

Kitabu cha mapishi kimerudi na unga katikati ya kurasa, halafu Mama Auma akakiazima tena palepale. Cha useremala kina alama ya sufuria kwenye jalada, duara jeusi zima. Nilikasirika nikakibeba mpaka nyumbani saa ya chakula nikamwonyesha Tabitha. Nikamwambia, hawa watu Jumapili wanapigwa pasi mpaka kwenye soksi, lakini vitabu vyangu vinatembea uchi! Mke wangu alikitazama kile kitabu kwa muda mrefu. Halafu akasema ati nyuki wakiona chakula kinapungua huwafukuza madume nje ya mzinga, kwa sababu madume wanakula na kulalamika tu. Akanimiminia chai.

Sijui haya maneno anayatoa wapi. Siku hizi ni nyuki, nyuki, nyuki. Shule hakuenda. Herufi alifundishwa kanisani, za kumtosha kutafuta namba ya wimbo.

Jumanne, 1 Julai

Barua kutoka manispaa, imepigwa taipu. Afisa anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 11, saa nne asubuhi. Anataka vitu viwili. Kwanza, historia ya maktaba, ukurasa mmoja. Pili, vitabu vyote viwe kwenye rafu, avilinganishe na orodha yake. Maktaba isiyo na vitabu vya kuonekana, inasema barua, haihitaji chumba.

Jotham, karani wa ukumbi, ndiye aliyeniletea. Bahasha ilikuwa wazi. Chumba changu kimeshikana na ukumbi wake, na tangu mwaka juzi anakitaka aweke viti na ngoma za bendi. Akanipa pole. Pole ya mtu anayejizuia kucheka.

Chumba kikienda, vitabu vitarudi kwenye sanduku. Na mimi je? Kiwanda cha mbao kule Elburgon kilinichukua vidole viwili na hakinihitaji tena. Lakini nitakuwa mwongo nikiandika kwamba naogopa kukosa kazi tu. Nakipenda chumba hiki. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 3 Julai

Historia. Nimeanza mara tatu, nimechana mara tatu.

Mambo yenyewe nayajua. Mwaka 1954 mama mmoja wa Kizungu alikuwa anauza shamba lake la pareto arudi kwao. Vibarua wake alikuwa akiwafundisha kusoma. Akaacha sanduku la vitabu pale ukumbini, likasukumwa chini ya jukwaa. Jotham alilivuta tu akitaka kupanda juu yake kuwasha taa. Panya wakaanza kulila pembeni.

Mimi nilikuwa nimetoka hospitali, mkono umefungwa, sina kazi, nimeingia ukumbini kujikinga mvua. Nikalifungua. Juu kabisa palikuwa na kitabu chembamba cha Kiswahili, cha ufugaji wa nyuki. Nikaketi sakafuni nikakisoma mpaka mwisho, mimi ambaye nyuki nawaogopa. Mvua ilikuwa imeshakatika na sikujua. Nikaandika 1 ndani ya jalada, kwa penseli, kwa mkono wa kushoto. Ile 1 ililala ubavu kama mlevi.

Halafu wenzangu wa kiwandani wakanitumia mabaki ya mbao kwa lori la magogo. Rafu nilipiga mwenyewe kwa vidole vilivyobaki. Manispaa wakatoa chumba kilichokuwa cha kupimia posho. Mpaka leo kikipata joto kinanukia mahindi. Misheni wakaongeza vitabu, walimu wakaongeza. Sasa ni sitini na viwili. Sitini na kimoja, ukitoa cha Mzee Kirui.

Haya yote yataingiaje kwenye ukurasa mmoja wa serikali? Nimeandika: Maktaba ilianzishwa mwaka 1954. Nikakaa. Ilianzishwa na nani? Na mvua?

Jumamosi, 5 Julai

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na rejista kwapani. Vitabu thelathini na tisa viko nje. Nimerudi na kimoja, tena kwa sababu nilikinyakua kitandani.

Mama Auma wa nyumba ya tisa alisimama mlangoni akaziba njia yote, na yeye si mwembamba. "Hiyo kitabu iko, karani," akasema. "Lakini haijakuwa tayari." Kitabu hakijawa tayari! Kwani ni maharagwe?

Barnaba, yule aliyekuwa askari, anacho kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Ng'ombe hana hata mmoja. Akanipigia saluti akasema nitakiona Ijumaa asubuhi. Nikamwambia Ijumaa ndiyo siku yenyewe, nakitaka leo. Akapiga saluti nyingine.

Kila mlango ni hivyo. Wanacheka, wananikaribisha uji, kitabu hawatoi. Nimechoka na nimeumia. Miaka minne nimewaandikia majina yao kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, 6 Julai

Nimeomba ruhusa nikatangaza kanisani. Nimesimama mbele nikasema vitabu virudi kesho, chumba kiko hatarini. Wanawake wakatazamana. Mmoja akajifunika mdomo na leso. Hata mchungaji alikohoa kile kikohozi chake cha uongo.

Tabitha alikuwa ameangalia chini muda wote. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu.

Jumanne, 8 Julai

Mambo yameharibika zaidi. Jana wanawake wa chama cha kushona, chama cha Tabitha, walikuja wote pamoja na vikapu. Nikafurahi, nikadhani wamerudisha. Kumbe wamekuja kuazima! Nilitaka kukataa. Wakanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, mwandiko wangu mwenyewe: Mwenye kadi asinyimwe kitabu. Siku kumi na nne. Nikafungua rejista. Wamechukua mpaka cha sheria za barabarani.

Vimebaki vitano.

Leo saa tisa Jotham ameingia na futi ya fundi akapima ukuta. Hakubisha hodi. Amehesabu viti kwa sauti, kumi hapa, kumi pale. Mzee Kirui aliacha gazeti akamtazama tu, kimya, mpaka Jotham akakunja futi yake akatoka. Sikumshukuru Mzee. Nilitaka, lakini mdomo ulikataa.

Nashuku Jotham amewaambia watu kitu. Haiwezekani lokesheni nzima ikanigeuka hivihivi.

Jumatano, 9 Julai

Nyumbani hakukaliki. Chumba cha nyuma kimefungwa kwa ufunguo. Cherehani inalia tangu asubuhi. Wanawake wanaingia na vikapu, wanatoka na vikapu. Nadhani kuna harusi ya mtu. Watu wana moyo wa harusi wiki hii!

Tabitha ameniuliza kama bado naihitaji ile suruali ya kijivu yenye tundu. Nikamwambia chukua suruali, chukua na koti, chukua na mwenyewe, kila kitu kinakwisha. Akasema nyuki wakati wa baridi hukusanyika pamoja wakatetemeka, na kule kutetemeka ndiko kunakowapa joto. Nikamwambia kama ana nyuki awaandikie manispaa. Nikaacha chai nusu.

Nimekuwa mkali bure. Yeye hakukosa kitu.

Alhamisi, 10 Julai

Vitabu vitano. Historia, mistari miwili. Nimefunga mapema nikaenda kunyolewa ndevu, kesho sitapata nafasi.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa moja na nusu nilitoka nyumbani peke yangu. Tabitha alisema ana kazi. Kufika maktaba nikakuta msururu kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji. Mama Auma mbele, Barnaba nyuma yake amevaa medali, wengine wote wamevaa nguo za Jumapili. Kila mmoja ameshika kitu kifuani. Nikafungua mlango na wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakaweka kwenye meza.

Vitabu. Vyote. Na kila kimoja kimevalishwa nguo.

Si karatasi. Nguo, za kitambaa, zimeshonwa kwa cherehani, zimebana mgongo na kona, zimepigwa pasi. Kaki, maua, mistari, kitambaa cha marekani cha mifuko ya unga, blanketi. Tabitha aliingia wa mwisho na kikapu, akasimama mbele yangu. "Baba Esta, ulisema vinatembea uchi," akasema. "Sasa vimevaa. Tulitaka mgeni akute viko na heshima." Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Jotham akatoka nje kuangalia kuna nini.

Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikaona. Hakuna jina hata moja! Jina la kitabu liko kwenye jalada, na jalada liko ndani ya nguo. Namba niliyoandika mgongoni, ndani ya nguo. Vitabu sitini na ushee, na vyote ni vipande vya nguo. Ilikuwa karibu saa nne. Nikapiga kelele. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Vigelegele vikafa. Tabitha akageuka akaanza kuvipanga rafuni bila kunitazama, kwa urefu, vifupi kwa virefu, kama anavyopanga vyombo. Nikataka kuzichana zile nyuzi. Barnaba akanishika mkono. Gari lilikuwa limeshasimama.

Afisa ni Mwafrika, mtu wa miaka thelathini na kitu, suti ya bluu, miwani. Akasalimia watu vizuri. Akatazama rafu. Akatoa miwani, akaipangusa, akatazama tena. Akaniuliza msomaji anajuaje kitabu anachotaka. Jotham, aliyekuwa ameingia nyuma yake, akasema kwa sauti tamu kwamba hilo ndilo tatizo la siku zote.

Afisa akafungua orodha. Akasema, nipe cha magonjwa ya ng'ombe.

Nikasimama mbele ya rafu zangu mwenyewe kama mtu aliyepotea sokoni. Nikajiuliza, nani alikuwa nacho? Barnaba. Na Barnaba tangu atoke jeshini anavaa nini kila siku ya Mungu? Kaptura ya kaki. Nikatoa cha kaki. Afisa akakifungua, akatikisa kichwa kukubali. Akasema, mapishi. Mama Auma: pazia la dirisha lake, maua mekundu, nalipita kila asubuhi nikienda kazini. Nikatoa maua. Ndicho. Useremala. Hicho sikufikiri hata kidogo. Kimevaa mfuko wa unga na alama ya kiwanda iko katikati kabisa, kwa sababu yule aliyekitia alama ya sufuria, na ndiye aliyekiazima tena, anauza unga. Ramani za dunia: nani? Hakuna aliyeazima, kilikuwa miongoni mwa vitano nilivyobaki navyo. Kama si jirani, basi ni nyumbani kwangu. Nikatafuta suruali yangu ya kijivu. Ilikuwepo, mpaka na tundu lake, limetiwa kiraka kizuri. Watu walicheka na mimi nikacheka. Ufunguo wa akiba uko nyumbani; lazima Tabitha alivichukua vyote vitano jana nilipofunga mapema kwenda kunyolewa, na leo kavipachika kama vile havikuondoka.

Tukaenda hivyo kama vitabu ishirini. Sikukosa hata kimoja. Afisa alikuwa ameweka kalamu chini, anauliza sasa kwa kutaka kuona tu. Sikujua kwamba nawajua watu hawa kiasi hicho.

Jotham akasema, mwulize namba moja.

Afisa akatazama juu ya orodha yake. Namba moja, ufugaji wa nyuki. Nikasema kimepotea, kilipotezwa na msomaji mmoja mwaka jana. Sikutazama mlangoni, lakini nilijua Mzee Kirui yuko kwenye benchi na anasikia.

Afisa akasema maktaba iliyopoteza kitabu chake cha kwanza ni jambo la kuandikwa. Akachukua kalamu. Huku mkono wake mwingine ukawa umegusa kitabu chembamba mwishoni mwa rafu ya chini, cheupe. Akakitoa. Akauliza, na hiki je, ni cha nani?

Sikukijua. Kitambaa cheupe, laini, na lesi nyembamba pembeni imefumwa kwa mkono. Nikasema sijui. Halafu nikaijua ile lesi. Mama mkwe wangu aliifuma. Ni gauni la harusi la Tabitha, lile ambalo tangu tuoane kule Elburgon limelala kwenye karatasi chini ya sanduku, hata Esta binti yetu alipoolewa kwenda Ndabibi hakupewa. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama miguu yake, kama siku ile kanisani.

Afisa akafungua jalada. "Namba moja," akasoma. "Imeandikwa vibaya, lakini ni moja."

Ile 1 yangu imelala ubavu.

Tabitha alisema mbele ya watu wote, sauti ndogo. Mwaka jana nilipokwenda Elburgon kumzika mwenzangu, Mzee Kirui alikuja nyumbani akamkabidhi kitabu. Tabitha akaangalia picha. Akajaribu neno moja, akalipata. Akajaribu mstari. Mimi niliporudi alikuwa bado hajamaliza ukurasa wa pili, akaona acha kwanza. Kufika wiki ya pili nikawa nimeshapiga kelele lokesheni nzima kwamba Mzee ni mwizi wa vitabu, na mke wangu akaogopa. Akawa anasoma mimi nikiwa kazini. Mwaka mzima. Amekisoma mara tatu.

Nyuki, nyuki, nyuki. Na mimi nakunywa chai!

Afisa akakiweka kitabu cheupe mezani. Akafunga orodha. Akasema atatuma barua, na historia niitume nikimaliza. Mlangoni akampa Mzee Kirui mkono. Mimi mkono huo nimemnyima mwaka mzima.

Jumamosi, 12 Julai

Sikufungua saa mbili. Nilikwenda kwanza nyumbani kwa Mzee Kirui, kofia mkononi. Nikamwambia nimemkosea, nimemwita mwizi na alikuwa anasema kweli. Nimeona aibu na nikamwambia nimeona aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua kilipo. Jumatatu moja alipita dirishani kwangu akamsikia Mama Esta akisoma kwa sauti, neno kwa neno, na akaenda zake. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, angeacha."

Nikamwambia kitabu namba moja ni chake sasa, akae nacho atakavyo. Akakataa. Ati mwache mama wa watu, nyuki yeye anawajua tangu utoto. Akaomba cha ramani, kile cha suruali.

Tumekunywa chai kwake. Mimi ndiye niliyekuwa napaswa kumpa chai.

Jumatano, 16 Julai

Barua. Chumba kinabaki maktaba. Viti vya ukumbi vipangwe chini ya jukwaa, nafasi ipo. Ninaijua hiyo nafasi. Jotham ameniletea bahasha, na safari hii ilikuwa imefungwa.

Afisa anaagiza majina ya vitabu yaandikwe juu ya nguo. Chama cha kushona wameanza, kwa uzi mwekundu. Ni kazi bure, kwa sababu hakuna anayetazama majina. Leo mtu ameniomba cha pazia, mwingine cha blanketi, mwingine kaptura ya Barnaba. Nimewapa bila kufungua rejista.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya kanisa, jua kidogo. Tabitha amekaa kibarazani na kitabu cheupe, anasoma kwa sauti bila kujificha. Akikwama namngoja. Mara mbili nilitaka kumsaidia, nikauma ulimi.

Nimemaliza historia. Ukurasa mmoja, pande zote mbili. Nimetia mvua na panya na mbao za Elburgon. Nimetia kosa langu kwa Mzee Kirui, na jina lake, ili libaki limeandikwa na mimi mwenyewe.

Halafu nikachukua rejista. Namba moja. Azimaye: Tabitha. Nyumba: kwangu. Tarehe ya kuazima nimeandika ya leo. Kwenye ya kurudisha nimeshika kalamu muda, nikasikia anafika pale nyuki wanapoanza kujenga, nikapaacha wazi.